Hii Picha ni ya Mwezi Gani? Uchambuzi wa kisa cha ramani ya setilaiti, wazee wa malisho na kisima ambacho hakikuchimbwa

Maelezo ya awali

Kisa hiki ni cha wadi moja ya wafugaji kaskazini mwa Kenya, kati ya mwaka 2019 na 2022. Majina ya watu, ya wadi na ya mashirika yaliyohusika nimeyaondoa, na mahali pawili patatu nimepaeleza juujuu kwa makusudi ili pasijulikane. Makosa sikuyaondoa. Mengi ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kompyuta.

Nawaandikia maofisa wa kaunti, wanafunzi wa ramani, na wenzangu wa mashirika ambao kila wanapofungua waraka wa sera ya tabianchi hukuta ileile ahadi kwamba maarifa ya wenyeji yatajumuishwa na teknolojia ya kisasa. Mimi niliyajumuisha. Nusura nilete balaa.

Usuli

Wakazi wengi wa wadi hii ni Waborana, wafugaji wa ng'ombe tangu jadi, ingawa siku hizi ngamia wanaongezeka baada ya kila ukame. Mwaka wao una mvua mbili. Ganna hunyesha Machi hadi Mei, hagaya hunyesha Oktoba na Novemba. Kati ya mvua na mvua ni bona, kiangazi.

Malisho yako chini ya dedha. Hili ndilo neno lililotuponyoka mapema kabisa, kwa hiyo nitalieleza taratibu. Dedha ni eneo lenye mipaka inayojulikana, na papo hapo ni utawala wa eneo hilo: wazee wake wanaoitwa jarsa dedha, mikutano yao, faini zao, na haki yao ya kumwambia mgeni apite wapi na anyweshe wapi. Mkalimani wetu, kijana msomi na mwema, alilitafsiri "malisho". Katika jedwali langu likaingia "malisho", na utawala ukabaki nje.

Ndani ya dedha kuna sehemu za kulisha wakati wa mvua, sehemu za kiangazi, na akiba, ambayo haifunguliwi mpaka ukame ukaze. Mgeni akifika kwenye akiba huona nyasi zinazomgusa magoti na hakuna mtu, akadhani pamesahaulika. Kinachoilinda si ua wala askari, ni ukosefu wa maji ya kudumu. Wakati wa shida ng'ombe huweza kunyweshwa kila siku ya tatu, basi wanaopelekwa huko ni wale wenye nguvu za kwenda na kurudi kisimani, wakichungwa na vijana wasio na nyumba wala watoto wa kubeba. Ugumu huo ndio kufuli.

Upande wa serikali, karatasi zimejaa nia njema. Katiba ya 2010, kifungu cha 11, inaitaka Dola itambue mchango wa sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Mkataba wa Paris, kifungu cha 7, unasema hatua za kukabiliana na athari za tabianchi ziongozwe na sayansi bora iliyopo na, inapofaa, maarifa ya jadi na ya wenyeji. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 ilianzisha baraza la kitaifa linaloongozwa na Rais, ikataka mpango kazi wa taifa kila miaka mitano, na kuzipa kaunti wajibu wake. Kisha kuna hazina za kaunti za miradi ya tabianchi. Katika kaunti tano zilizotangulia kuujaribu mfumo huo, Isiolo, Garissa, Kitui, Makueni na Wajir, mgawo ulikuwa asilimia 70 kwa miradi inayopendekezwa na kamati za wadi, 20 kwa miradi ya kaunti nzima na 10 kwa uendeshaji. Sisi tulifuata njia hiyohiyo. Kwa wadi ambayo miaka yote ilisubiri mradi ushuke kutoka makao makuu, hilo si jambo dogo.

Kamati ya wadi ilihitaji ushahidi wa kupendekeza miradi. Ndipo tulipoitwa tuchore ramani shirikishi.

Kilichotokea

*Darasani, Februari 2019.* Tulikutana katika shule ya msingi: wazee kumi na wanne, vijana wachungaji, chifu, na wanawake watatu waliokaa karibu na mlango. Tulitundika shuka jeupe ukutani, tukawasha jenereta nje, tukamulika picha ya setilaiti. Kwa dakika kadhaa watu walitazama tu. Kisha mzee mmoja akainuka, akaweka ncha ya bakora juu ya mstari wa kijivu na kuufuata kutoka juu hadi chini, akitaja jina la kila kona ya laga ile, mto unaopitisha maji wakati wa mvua tu. Majina kumi na saba. Nilijua idadi kwa sababu nilikuwa nayaandika.

Alipofika chini akanigeukia. "Kijana, hii picha ni ya mwezi gani?"

Nikamweleza kwamba picha hizi huunganishwa kutoka tarehe mbalimbali. Mkalimani akafupisha. Mzee akaurudia ukuta, akagonga upande mmoja kwa bakora: hapa ni baada ya hagaya. Akagonga upande wa pili, kiganja kimoja tu kutoka pale: hapa ni bona. "Mmeshona nguo mbili mkasema ni kanzu moja." Darasa likacheka. Nami nikacheka, kisha nikaendelea kuweka alama zangu.

Swali lile sikuliandika popote. Nimelikumbuka baadaye, wakati ambao halikuwa tena la kuchekesha.

Tulifanya kazi siku tatu. Vijana wenye pikipiki walikwenda na kifaa cha GPS kuthibitisha visima, silanga (mabwawa ya kuchimbwa yanayokinga maji ya mvua), njia za mifugo na mahali pa chumvi. Jedwali langu lilikuwa na safu nne: jina, aina, hali, na viwianishi, yaani namba za GPS za mahali. Akiba ya dedha iliingia hivi: aina, malisho, hali, nzuri sana. Kila neno hapo ni kweli.

*Mvua, nzige na barakoa.* Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilipata joto kuliko upande wa mashariki kwa kiasi kisicho cha kawaida, na hagaya ya mwaka ule ikamwaga mafuriko Afrika Mashariki nzima. Nchi ikawa kijani mpaka mawe yakapotea. Kabla ya mwaka kwisha nzige wa jangwani waliingia Kenya kutoka kaskazini mashariki. Machi 2020 kikathibitishwa kisa cha kwanza cha Korona nchini, na mikutano ikapigwa marufuku.

Mkutano tuliokuwa tumeupanga wa kuwarudishia wazee ramani waikague ulikuwa wa mwezi uleule. Haukufanyika. Tuliahirisha, tukaahirisha tena, na mwishowe tukaona kazi isisimame. Data ipo, kompyuta zipo, tuendelee.

*Uchanganuzi ofisini.* Timu ya wataalamu mjini ilitafuta mahali bora pa kuchimba kisima kirefu kwa kuchanganya vigezo vinne: umbali kutoka maji ya kudumu, ukijani wa mimea kwa picha ya Januari 2020, mteremko, na aina ya miamba. Kilichotoka kwanza kwa alama, tena kwa mbali, kilikuwa kitovu cha akiba. Eneo la kijani kuliko yote. Eneo lililo mbali na maji kuliko yote. Programu haikukosea hesabu hata moja: tuliiuliza ni wapi penye nyasi nyingi na shida kubwa ya maji, ikatujibu.

Pendekezo likaingia kwenye orodha likiwa na mhuri wa vyanzo viwili, "setilaiti na ramani shirikishi ya jamii". Mwakilishi wadi akatangaza kisima kwenye harambee ya shule. Watu wakapiga makofi, kwani alisema "kisima kipya" bila kutaja mahali.

*Chini ya mgunga, Mei 2021.* Habari za mahali zilipowafikia wazee, waliitisha mkutano wenyewe. Ganna ya mwaka ule ilikuwa imekuja hafifu, baada ya hagaya mbaya ya 2020, na watu walikuwa na hamaki. Mzee wa bakora hakupandisha sauti. Alisema maneno ambayo bado nayasikia: "Mkichimba maji pale mmekula akiba yetu kabla ng'ombe hajaila."

Akaeleza kwa mpangilio ambao ningetamani kuuona kwenye ripoti zetu. Maji yakitoka, kwanza watakuja wenye ng'ombe wa karibu, kwa siku mbili tu. Kisha mtu atajenga boma. Atafuata mwenye duka la sukari na majani ya chai. Atakuja mtu kuomba shule, na hakuna kiongozi atakayekataa shule. Mwaka wa tatu hakuna nyasi, na kisima kipo. Hakuwa anabahatisha, kaskazini kuna visima vya namna hiyo vilivyozungukwa na duara la vumbi, na yeye alivitaja vinne kwa majina na kwa mwaka wa kila kimoja.

Si wote waliokubaliana naye. Kijana mmoja mwenye mbuzi wengi alisimama akasema wazee wanailinda akiba kwa ajili ya wenye ng'ombe, na wenye ng'ombe wengi ndio haohao wazee. Pakawa na ukimya wa kukera. Kisha mwanamke mmoja, miongoni mwa wale watatu wa darasani, akasema bila kuinuka: "Mnagombania maji ya ng'ombe. Ya mtoto yako wapi?" Pampu ya kisima cha kijijini, pale wanapoishi watu, ilikuwa imekufa muda mrefu. Wanawake walikuwa wanachimba mchanga wa laga kupata maji ya kunywa. Kwenye jedwali langu kisima hicho kilikuwa kimeandikwa "kipo".

Maamuzi na sababu zake

Jambo la kwanza lilikuwa kuondoa kisima cha akiba kwenye orodha kabla zabuni haijatangazwa. Haikuwa rahisi. Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni, na kila mtu ofisini alijua kuwa fedha zisizotumika huzua maswali. Mmoja wetu alipendekeza kuchimba kisha kukifunga kwa kufuli mpaka ukame uje. Wazee walicheka sana, na sikuwalaumu. Tuliamua kwamba ni afadhali kupoteza mwaka kuliko kupoteza akiba. Kilichomgeuza mwakilishi wadi si hoja ya ikolojia, ni yule mama: kukarabati pampu ya kijijini kungempa maji ya kufungua mbele ya kamera, na tena karibu na wapiga kura.

Fedha zikapangwa upya. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye kisima cha kijijini, kwa paneli za sola na mabirika mapya ya kunyweshea yaliyotenganishwa na bomba la watu. Sehemu ya pili ilikwenda kuzoa tope kwenye silanga mbili za malisho ya mvua, ili mifugo ikae huko muda mrefu zaidi na akiba ichelewe kufunguliwa. Hilo la silanga ni wazo la wazee, na ndilo naliona bora kuliko yote yaliyotoka kwenye kisa hiki: walitumia mahali maji yalipo na muda yanaokaa kuongoza ng'ombe, kama vile mtu anavyoongoza maji ya shamba kwa kufungua na kuziba mitaro.

Sehemu ya tatu ilizua ubishi. Wazee waliomba fedha za doria na mikutano ya dedha. Mhasibu akasema posho si uwekezaji, na mkaguzi atatung'ata. Alikuwa na haki kwa kanuni zake. Tukapatana kulipia mafuta ya pikipiki, muda wa maongezi na matangazo ya redio, ambavyo vina risiti. Lakini ni kichekesho kwamba mfumo unaweza kulipa mamilioni kuchimba kisima kitakachoharibu akiba na ukashindwa kulipia chai ya wazee wanaoilinda.

Kisha ramani. Tulirudi na shuka letu, safari hii na picha tatu zenye tarehe: moja ya baada ya mvua, moja ya kiangazi, moja ya ukame wa 2017. Mzee wa bakora aliitambua ya tatu kabla sijasoma tarehe. Jedwali likaongezwa safu: linafunguliwa lini, linafungwa lini, nani anaamua, mgeni anaomba kwa nani. Safu zile nne zilichukua siku mbili, wakati viwianishi vyote vya 2019 vilichukua tatu. Penye chumvi na kwenye chemchemi mbili wazee walikataa kujaza. Programu haikubali kisanduku kitupu, basi tukaandika "waulizwe".

Walikataa pia jambo jingine lililonishangaza. Nilipendekeza akiba ifunguliwe kwa kipimo. NDMA, mamlaka ya kitaifa ya kukabiliana na ukame, hutoa kila mwezi taarifa zenye kielezo cha hali ya mimea, VCI, kinachosomwa na setilaiti: kikiteremka chini ya 35 eneo huhesabiwa lina ukame wa wastani, chini ya 20 ukame mkali, chini ya 10 ukame uliopindukia. Nikasema kikikaa chini ya 20 miezi miwili, akiba ifunguliwe, bila ubishi wala upendeleo. Mzee mmoja mkimya akauliza namba ile inapimwa wapi. Nikajibu ni wastani wa kaunti ndogo nzima. "Na akiba yetu imo ndani?" Imo. "Basi majani tusiyoyala ndiyo yatakayotuambia kwamba tumeshiba."

Nilinyamaza. Ilikuwa kweli kihesabu, na hakuna mtaalamu kati yetu aliyeliona: kadiri akiba inavyolindwa vizuri ndivyo inavyopandisha wastani, na ndivyo kengele inavyochelewa kulia. Tukakubaliana namba iletwe mkutanoni kila mwezi kama habari, na uamuzi ubaki kwa wazee.

Septemba 2021 tulifanya mkutano wa kupanga msimu. Ofisa wa Idara ya Hali ya Hewa alileta utabiri wa kaunti, uliotokana na ule wa kanda unaotolewa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake. Alieleza uwezekano kwa mafungu matatu: mvua juu ya kawaida, ya kawaida, chini ya kawaida. Fungu la chini ndilo lililokuwa zito, kwa kuwa La Niña, kule kupoa kwa maji ya Pasifiki ambako mara nyingi hutupunguzia hagaya, ilikuwa inarudi. Wazee walileta wao: msomaji wa nyota aliona vibaya, msomaji wa matumbo ya mbuzi aliona vibaya kidogo, na mmoja alisema upepo bado haujasema. Nilitarajia mvutano. Badala yake mzee mmoja akaridhika: "Kumbe hata yeye anasema labda." Nadhani ofisa yule alijipatia heshima kwa kukiri shaka yake kuliko kwa grafu zake zote. Uamuzi ukawa wapelelezi wa malisho, ambao Waborana huwaita aburu, watumwe mapema kuliko kawaida. Walikwenda kwa pikipiki na kutuma sauti kwa WhatsApp kila walipopata mtandao.

Matokeo

Hagaya ya 2021 haikunyesha vya kutosha. Rais alikuwa ameshatangaza ukame kuwa janga la kitaifa tarehe 8 Septemba. Silanga zilizozolewa tope zilipata maji kidogo na hazikufika mbali. Kisima cha kijijini kilikamilika kwa kuchelewa, baada ya vifaa kukwama na fedha kuvuka mwaka, lakini kilipoanza hakikusimama.

Akiba ilifunguliwa Januari 2022. Ilikuwa mapema kuliko walivyotaka wazee. Kwa wiki chache utaratibu ulifuatwa: wageni wa dedha jirani waliomba, wakapewa njia na siku, kama desturi ya kupeana inavyotaka. Kisha wakaja wengine kutoka mbali zaidi, wengi, baadhi wakiwa na bunduki, na hao hawakuomba. Doria ya vijana wenye fimbo na simu haiwezi kuwazuia watu wa namna hiyo, na polisi walifika siku ya tano. Nyasi ziliisha kabla ya ganna. Ganna ya 2022 nayo ikafeli, na hagaya iliyofuata pia. Ilikuwa misimu mitano mfululizo, na nchini Kenya ilikufa mifugo zaidi ya milioni 2.

Wadi yetu ilizika ng'ombe kama wadi nyingine. Sitadai kwamba ramani yetu iliokoa mifugo. Ninachoweza kusema ni kwamba akiba ilikuwepo ya kufunguliwa, na mvua ziliporudi 2023 nyasi zilirudi pale, kwa sababu hapakuwa na kisima, duka wala boma.

Uchambuzi

Ukituuliza 2020 tungesema tumechanganya maarifa mawili, na orodha ya washiriki tungekuonyesha. Tulichofanya hasa ni kuwauliza wazee mahali vitu vilipo, tukachukua majibu, tukaacha kanuni. Maarifa yao hayakuwa orodha ya mahali. Yalikuwa maamuzi: lini, nani, kwa sharti gani. Kwa vile programu ya ramani inapenda nukta na mistari, tuliwapokea wazee kama chanzo cha nukta. Swali la mwezi lilikuwa la kitaalamu kuliko swali lolote langu siku ile. Mtaalamu wa setilaiti anayeheshimu kazi yake huanza nalo.

Kwa hiyo lawama yangu haiendi kwa setilaiti. Picha zenye tarehe ndizo zilizotuwezesha kuzungumza vizuri mara ya pili, na zilimpa mzee ushahidi ambao mhasibu aliweza kuambatanisha kwenye faili. Utabiri wa kisasa nao ulifanya kazi pale unapofanya kazi. Mvua za Oktoba hadi Desemba zimefungamana sana na joto la Pasifiki na Bahari ya Hindi, kwa hiyo hagaya hutabirika mapema kwa kiasi kizuri. Mvua za Machi hadi Mei ni ngumu zaidi, mifano ya kompyuta bado haizimudu sawasawa. Aburu aliyekanyaga ardhi wiki iliyopita ana thamani tofauti katika misimu hiyo miwili, na mipango ya kaunti ingefaa iseme hivyo badala ya kuuweka utabiri wote kwenye mizani moja.

Korona tuliilaumu sana. Ni kweli ilitufungia mkutano, lakini wazee wale walikuwa na simu. Ningeweza kumpigia mzee wa bakora dakika tano, nikamtajia jina la mahali tulipopapendekeza. Sikupiga kwa sababu ramani ilikwisha kunipa hisia kwamba ameshasema. Hapo ndipo hatari ya ramani shirikishi ilipo, na sijaiona ikiandikwa kwenye miongozo: ukishamwingiza mtu kwenye data, unaacha kumuuliza.

Kuhusu wanawake nina machache kwa sababu jambo lenyewe liko wazi. Waliitwa watatu, wakakaa mlangoni, wakaulizwa siku ya tatu jioni. Taarifa iliyookoa mradi ilitoka kwao.

Suala la siri lilichelewa kutufikia. Ramani ya kwanza ilipandishwa kwenye tovuti ya wazi, ikiwa na chemchemi na akiba. Kenya ina Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni tangu 2016, inayotaka ridhaa ya jamii kabla maarifa yake hayajatumiwa na wengine. Katika timu yetu hakuna aliyekuwa ameisoma, wote tulikuwa tumesoma ile ya tabianchi ya mwaka uleule. Tuliishusha ramani, lakini sina njia ya kujua nani alikuwa ameshaichukua. Mzee mmoja aliuliza kama wale wenye bunduki waliiona. Sidhani. Walikuwa na aburu wao.

Na kijana wa mbuzi? Alikuwa na hoja, na wazee hawakuijibu. Maarifa ya jadi hayaelei hewani, yana wenyewe, na wenyewe wana maslahi. Anayewachukulia wazee kama maktaba yenye ndevu atashindwa kuliona hilo. Katika marekebisho ya 2021 viti viwili vya wachungaji vijana viliongezwa kwenye kamati ya wadi, na mikutano imekuwa mirefu zaidi.

Kitaifa, mfumo ulifanya jambo moja kubwa: fedha zilikuwa za wadi, kwa hiyo wazee walikuwa na kitu cha kukataa. Kama kisima kingekuwa cha wizara, mkutano wa chini ya mgunga ungekuwa malalamiko tu. Ilipofeli ni kwenye fomu. Tuliyoijaza iliuliza kama jamii ilishirikishwa, na majibu yalikuwa mawili. Tuliweka alama kwenye "ndiyo" mwaka 2020 na tena 2021. Mara zote mbili tulikuwa hatusemi uongo.

Yaliyosalia

Toleo la pili la ramani liko kwenye kompyuta ya kaunti na nakala ya karatasi iko kwa katibu wa dedha, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Ya karatasi ndiyo inayotumika. Ofisa niliyemfundisha kuingiza mabadiliko alihamishwa.

Mpaka na dedha za kaunti jirani haujajadiliwa. Hazina ya kaunti huishia kwenye mpaka wa kaunti, na ng'ombe hawaujui. Wazee wa pande zote mbili wamekubali kukutana baada ya hagaya, na wameomba waletewe shuka na jenereta. Mahali pa chumvi bado pameandikwa "waulizwe".